Shajara ya mradi: ubao wa migongano ya Etheneti (mtandao wa kompyuta wa waya), Ngamiani, Tanga

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimekabidhiwa boksi. Mwalimu wa kompyuta wa sekondari moja hapa Ngamiani alinipigia juzi: kuna ofisi inahama na inatupa vyombo vya zamani, twende tukaone kama kuna cha kuokoa. Nimekwenda nikiendesha baiskeli, nimerudi nikiikokota, boksi limefungwa kwenye keria kwa mpira. Ndani yake mna hubu, kile kisanduku cha zamani cha kuunganishia kompyuta, ya matundu 8 ya megabiti 10 kwa sekunde, kadi nne za mtandao za kuchomeka ndani ya kompyuta (PCI) zenye tundu la RJ45 la waya wa kisasa na lile la mviringo la BNC la kebo ya zamani, roli ya kebo hiyo, nyembamba na nyeusi, ya RG-58 kama mita 20, viungo vya T vitano na terminata, yaani plagi ya kufungia ncha ya kebo, moja. Moja tu. Aliyepata kuhangaika na mitandao ya kebo nyembamba anajua kwa nini neno hilo nimeliandika mara mbili: kebo ina ncha mbili, na kila ncha inataka terminata yake.

Mwalimu ana shida mbili. Ya kwanza ni ya darasani. Kidato cha nne wanakariri kwamba mgongano ni "pakiti mbili kukutana kwenye waya", wanapata alama zao, basi. Ukiwauliza kadi inajuaje kwamba imegongana, kimya. Ya pili ni ya kazini: kompyuta ya chumba cha pili, wanakohifadhi notisi na mitihani, inasumbua. Ukiipigia ping, ujumbe mfupi wa kuuliza kama ipo, inajibu upesi kama haina tatizo. Ukinakili faili kubwa inatambaa kama konokono wa masika. Waya umeshabadilishwa mara mbili.

Nimemwambia tuanze na ya darasani, hiyo nyingine nitaitazama nikipata utulivu. Kusema kweli nadhani ni waya tena.

Mpango ni ubao mmoja wa kuegemeza ukutani. Juu tunapitisha kebo ya zamani, katikati hubu, chini swichi, ambayo humpelekea ujumbe anayehusika badala ya kuurudia kwa wote. Mwanafunzi auone mgongano, aupime, kisha aone unavyotoweka.


Jumapili, 6 Julai

Kutengeneza terminata ya pili. Ukivunja maneno makubwa, terminata ni plagi ya BNC yenye kinzani ya omu 50 ndani yake. Omu 50 kamili haipatikani dukani kirahisi, lakini za omu 100 zimejaa kila mahali: rangi ya kahawia, nyeusi, kahawia. Fundi redio mmoja wa Barabara ya 9 kanipa mbili bure kutoka kwenye kopo lake la maziwa. Mbili za omu 100 ukiziunga sambamba zinakupa 50. Nimezisokota miguu, nimezilehemu kati ya pini ya katikati na ganda, nimefunga utepe mwekundu. Haipendezi, ila mita inasema 50.4, na mimi namwamini mita.

Nimefunga kebo ubaoni kwa misumari ya U, kompyuta mbili zimezimwa, terminata pande zote mbili. Nikaweka mita kwenye kiungo cha T: omu 25. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana terminata mbili za 50 zinaonekana kama zimeungwa sambamba. Nikaing'oa ile yangu yenye utepe: 50. Nikairudisha: 25.

Nimeiandika hiyo 25 ubaoni kwa chaki kubwa.


Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Sikukuu, shule imefungwa, mlinzi kanifungulia. Nimeweka Linux kwenye kompyuta zote mbili. Kadi ni za Realtek za miaka ile, zimetambuliwa bila ubishi kwa moduli ya ne2k-pci. Nimezipa anwani, zikaonana. Mlinzi kauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni barabara ya njia moja ambayo madereva wawili wanaitumia bila trafiki. Kasema hiyo anaijua.


Jumamosi, 12 Julai

Siku ya kwanza na wanafunzi. Wamekuja tisa, na Mwalimu wa kumi.

Tulianza na taratibu yenyewe, ile ambayo vitabuni inaandikwa CSMA/CD. Kadi inayotaka kutuma husikiliza kwanza. Waya ukiwa na mtu, inangoja. Waya ukinyamaza, inasubiri muda wa biti 96, ambao kwa megabiti 10 ni maikrosekunde 9.6, ndipo inaanza. Inapotuma haiachi kusikiliza. Ikigundua mwingine naye anatuma, haikatizi papo hapo: inaongeza biti 32 za fujo za makusudi ili kila aliye kwenye waya ajue kimeharibika, halafu inanyamaza, inachagua muda wa kungoja kwa bahati nasibu, inajaribu upya.

Wote wakaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa kwa mwanafunzi nakujua. Nikawasha kompyuta zote mbili zitumiane data nyingi kwa mkupuo, kila moja ikimwaga bila kungoja jibu, na kila baada ya sekunde moja kioo kinaonyesha matokeo ya ip -s link, amri ya kuonyesha hesabu za kadi. Safu ya migongano ikaanza kupanda mbio. Wakasogea.

Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye hata hakualikwa (kamfuata kaka yake), kauliza swali lililonifanya niweke koleo chini: "Fundi, umesema zinasikiliza kwanza. Kama zinasikiliza, zinagongana vipi?"

Jibu linalozoeleka ni umbali: mmoja ameanza, sauti yake haijafika kwa mwenzake, na huyo mwenzake anaona kimya, naye anaanza. Ni kweli. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya kebo ya mita 20, na jibu hilo kwenye kebo fupi namna ile halitoshi. Umeme kwenye kebo ya aina hii huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Biti moja ya megabiti 10 huchukua maikrosekunde 0.1. Zidisha: biti moja ina urefu wa mita 20. Kebo yetu yote, kuanzia mlangoni hadi dirishani, inaenea biti moja. Nafasi ya kuvamiana ndani ya muda huo ni finyu mno.

Zinagongana kwa sababu nyingine, na hii ndiyo nilitaka waishike. Zote mbili zinangojea kitu kimoja. A anatuma, B ana lake anangoja. A akimaliza, naye ana fremu (kifurushi cha data) nyingine mkononi. Waya unanyamaza, wote wanahesabu maikrosekunde 9.6 zilezile, wote wanaanza kwa wakati mmoja. Adabu ile ile ya kungoja ndiyo inayowagonganisha. Ni kama abiria wa daladala pale mlango unapofunguliwa: hakuna aliyemvamia mwenzake, wote walisubiri kwa ustaarabu, na wote wamekwama mlangoni.

Binti akasema, "Kwa hiyo watu wakiwa wachache migongano inapungua." Watu na mazungumzo, nikamjibu. Kompyuta thelathini zilizokaa kimya hazigongani.


Jumapili, 13 Julai

Osiloskopu, chombo cha kuchora mawimbi ya umeme kwenye kioo, nimeazima kwa yuleyule fundi redio. Nataka niuone mgongano kama umeme, si kama namba ya programu.

Kompyuta moja ikituma peke yake, mawimbi yanacheza kati ya sifuri na karibu volti 2 hasi, wastani wake ukiwa karibu volti 1 hasi. Hiyo volti 1 haikutoka hewani. Kila kadi inapotuma huvuta mkondo wenye wastani wa kama miliampea 41, na mkondo huo unapita kwenye zile omu 25 nilizoandika kwa chaki. Zidisha 0.041 kwa 25, unapata 1.025. Nilicheka peke yangu chumbani.

Wakituma wawili kwa pamoja, mikondo inajumlishana na wastani unazama hadi karibu volti 2. Mpaka wa kadi umewekwa katikati, karibu volti 1.5. Ukipita hapo, kadi inaamua kuna watu wawili. Haisomi ujumbe wa mtu, haitambui sura, haijui nani ni nani. Inapima kina cha maji tu.

Halafu nikafanya kosa kwa makusudi: nikaing'oa terminata ya utepe mwekundu, nikaacha kompyuta moja tu itume. Sasa mzigo si omu 25 tena, ni 50. Miliampea 41 mara 50 ni volti 2 na kidogo. Yaani kadi iko peke yake barabarani, lakini kipimo kinasema wako wawili. Inaacha, inangoja, inajaribu, inagongana tena na nafsi yake. Baada ya majaribio 16 inakata tamaa na kuitupa fremu. Kwenye kioo hesabu ya migongano ilipanda 16, 32, 48, 64, kwa sababu programu ya kadi hii huongeza 16 kwa kila fremu iliyoshindikana. Kuna mwangwi pia unaorudi kutoka ncha iliyo wazi, lakini huhitaji hata kuutaja. Hesabu ya volti peke yake inatosha kuifunga barabara.

Miaka hiyo niliwahi kuona ofisi nzima imesimama kwa sababu mtu kasogeza meza na terminata ikachomoka. Tulikuwa tunazungumzia "waya kukatika". Haukukatika popote.


Jumamosi, 19 Julai

Leo tumetoka nje. Nimeazima kamba ya katani, nene, kama mita 30. Tanga kukosa kamba ya katani ni aibu. Tumeinyoosha kiwanjani, mwanafunzi mmoja kila ncha, macho yamefungwa kwa leso, na binti wa kidato cha tatu katikati, mkono wake umeigusa kamba.

Zoezi la kwanza: kila mmoja aitikise mara moja, haraka, halafu mkono utulie. Nikapiga kofi, wakatikisa wote. Mawimbi yakakimbia, yakakutana kwa binti, yakapishana, yakafika kila moja ncha ya pili. Nikawauliza wa ncha: mmegongana? Wote wakasema hapana. Kila mmoja alituma lake, akatulia, kisha akapokea la mwenzake. Nikamuuliza wa katikati. "Mimi nimepata fujo tu, sikuelewa la nani."

Hapo ndipo kiini cha mradi wote kilipo, na nimerudia mara tatu. Mgongano hugunduliwa na ambaye bado anasema. Ukishamaliza kusema kabla fujo haijakurudia, kwako mambo ni safi, na aliyekuwa akikusikiliza kapata takataka.

Zoezi la pili: utikise mfululizo, usiache. Safari hii kila mmoja alihisi mkono wake ukivutwa kinyume akiwa bado anatikisa, akaacha mwenyewe. Aliyesimama kaskazini akapiga kelele, "Nimegongwa!"

Swali likawa: atikise mpaka lini? Kaka yake binti akasema, mpaka wimbi lifike ncha ya pili. Nikamwambia karibu, lakini bado. Tufanye wimbi lako linakaribia kumfikia mwenzako, limebaki kidole kimoja, na yeye sekunde hiyo ndipo anaanza, maana kwake bado ni kimya. Yeye atajua mara moja. Wewe utajua lini? Akafikiri. "Mpaka la kwake lirudi kwangu." Basi ni kwenda na kurudi.

Tukaingia ndani kwa hesabu. Waliosanifu Etheneti ya megabiti 10 walikubali mtandao wenye urefu wa hadi kilomita 2.5: vipande vitano vya mita 500 vya kebo nene, virudishi vinne (vifaa vya kuipa ishara nguvu upya) katikati yake. Kwenda na kurudi, pamoja na ucheleweshaji wa vifaa na akiba juu yake, wakaweka kikomo cha muda wa biti 512, yaani maikrosekunde 51.2. Biti 512 ni baiti 64. Ndiyo maana fremu ya Etheneti hairuhusiwi kuwa chini ya baiti 64. Ukiwa na neno dogo la kusema, kadi inaujaza ujumbe wako kwa sifuri mpaka utimie, ili tu mdomo wako uwe wazi muda wa kutosha kusikia kama umegongwa. Na kipande chochote kinachopokewa kikiwa chini ya baiti 64 kinatupwa bila swali, kwa kuwa ni mabaki ya ajali.

Mwalimu kasema kaifundisha hiyo 64 miaka sita kama namba ya kukariri. Sikumjibu, mimi mwenyewe niliikariri zaidi ya hapo.

Kasi ikiongezeka kamba inafupika. Megabiti 100 ilibaki na biti zilezile 512, kwa hiyo muda ukashuka hadi maikrosekunde 5.12, na mtandao wa hubu ukabanwa hadi takriban mita 200. Gigabiti ingebanwa hadi chumba kimoja, ndiyo maana kanuni yake ya kupokezana (kusema kwa zamu kwenye njia moja) ilirefusha muda huo hadi baiti 512. Vifaa vya gigabiti vya kupokezana namna hiyo sijawahi kuviona kwa macho, na sioni cha kusikitikia.


Jumamosi, 26 Julai

Mvua asubuhi, wamekuja watano. Tumecheza karata.

Kugongana ni nusu ya habari, nusu ya pili ni jinsi ya kuachana. Baada ya mgongano wa kwanza, kila kadi inachagua kati ya 0 na 1: usingoje, au ngoja kipindi kimoja cha maikrosekunde 51.2. Wakigongana tena, wanachagua kati ya 0 na 3. Kisha 0 hadi 7. Uwanja unaongezeka mara mbili kila safari, mpaka mgongano wa kumi unapofika 0 hadi 1023, unabaki hapo, na jaribio la 16 likishindwa fremu inatupwa.

Wawili wawili, kila mmoja na karata zake. Mara ya kwanza nafasi ya kugongana tena ni nusu, mara ya pili robo, mara ya tatu moja kwa nane. Walishangaa jinsi ubishi unavyoisha upesi bila mtu wa kuamua. Hakuna mkuu wa kikao, hakuna aliyeshika orodha. Kila mmoja anajiongeza subira kulingana na msongamano anaouona mwenyewe.

Binti (sasa anakuja bila kaka yake) kalalamika kwamba mwenzake anashinda mfululizo. Nikadhani ni bahati. Tukarudia tukaandika chini, na kweli. Aliyeshinda anapoleta fremu mpya, hesabu yake inaanza upya kwenye 0 na 1. Aliyeshindwa bado yuko kwenye 0 hadi 3, au 0 hadi 7, kwa hiyo safari ijayo anaelekea kungoja zaidi, anashindwa tena, uwanja wake unapanuka tena. Mwenye nacho anaongezewa. Kwenye mtandao wa wawili wenye mengi ya kusema, mmoja anaweza kushika barabara muda mrefu bila kuvunja kanuni hata moja. Huo ni udhaifu wa kweli wa taratibu hii, na mtoto wa miaka kumi na sita kauona kwa karata.

Walipoondoka nimemweleza Mwalimu asili yake kwa ufupi, kwa kuwa aliuliza. Hawaii, mapema miaka ya 1970, Norman Abramson na wenzake waliunganisha visiwa kwa redio, mtandao wa ALOHA: kila kituo kinatuma kinapotaka, kisipopata jibu kinarudia. Ukiusukuma hadi mwisho wake, unafaidi kama asilimia 18 tu ya uwezo wa njia, kingine ni fujo. Robert Metcalfe aliisoma kazi hiyo, na Mei 22, 1973, akiwa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani, aliandika waraka ulioitaja Etheneti kwa jina. Yeye na David Boggs wakaijenga, ya kwanza ikienda megabiti 2.94. Megabiti 10 ilikuja 1980 kwa ushirika wa kampuni za Digital, Intel na Xerox, na IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, ikaipitisha kama kiwango 802.3 mwaka 1983. Waliongeza mambo mawili juu ya ALOHA: kusikiliza kabla, na kusikiliza wakati wa kusema. Hilo la pili ndilo lililobeba uzito.


Jumatano, 30 Julai

Jioni nimeunga hubu ubaoni. Ina taa ya njano iliyoandikwa COL, inawaka kila mgongano. Nilipoanzisha msongamano kutoka kompyuta tatu taa ikawa karibu haizimiki. Watapenda.


Jumamosi, 2 Agosti

Nilichokitarajia leo ni onyesho la taa. Nilichokipata ni swali la binti na kompyuta ya mitihani, vyote siku moja.

Swali: "Fundi, kwenye kebo ya juu wote walitumia waya mmoja, nimeelewa. Lakini waya wa hubu una jozi ya kutuma peke yake na ya kupokea peke yake. Vinagongana wapi?"

Havigongani. Ndani ya waya ule umeme wa mmoja haukutani na wa mwingine kabisa. Pini 1 na 2 zinatuma, 3 na 6 zinapokea. Kinachofanyika ni makubaliano: hubu inarudia kila inachokisikia kwa matundu mengine yote, na ikisikia matundu mawili kwa wakati mmoja inamwaga fujo kwa wote. Kadi nayo ina kanuni moja: nikiwa ninatuma, halafu nikasikia chochote kwenye jozi ya kupokea, basi huo ni mgongano. Haipimi volti tena. Ni mgongano wa kisheria, si wa umeme.

Nikaongeza, kwa mazoea ya mdomo tu, kwamba ukiondoa hubu ukaweka swichi, kila kompyuta ina njia yake hadi kwenye swichi, jozi mbili zipo, kwa hiyo pande zote mbili zinaweza kukubaliana waseme kwa pamoja na kanuni ile ifutwe. Hiyo ndiyo dupleksi kamili. Lakini lazima wakubaliane wote wawili, maana upande mmoja ukiifuta na mwingine ukabaki nayo...

Hapo nikanyamaza. Mwalimu kaniuliza kama nimesahau. Sikusahau, nilikuwa nimekumbuka.

Tukaenda wote chumba cha pili. Kwenye swichi yao ya zamani kila tundu lina taa ya FDX/COL: ikitulia kijani ni dupleksi kamili, ikipepesa ni migongano. Taa zote zimetulia isipokuwa ya tundu la kompyuta ya mitihani. Hiyo ilikuwa imezimika. Nikamwambia kijana anakili faili kubwa. Ikaanza kupepesa kama jicho la mgonjwa.

Nikaandika ethtool eth0, amri ya kuonyesha hali ya kadi, kwenye kompyuta yenyewe. Kasi 100, dupleksi kamili, mapatano yamezimwa. Kwenye hesabu zake hapakuwa na mgongano hata mmoja, ila makosa ya CRC, ile hesabu ya kuhakiki kama fremu imefika salama, yamejaa.

Nimewachorea sakafuni kwa chaki. Vifaa viwili vikiunganishwa huanza kwa kupatana: vinatumiana mapigo, kila kimoja kinataja kinachoweza. Kompyuta hii ilikatazwa kupatana, ikaambiwa iende 100 dupleksi kamili. Swichi haikupata mapigo. Kasi iliweza kuitambua kutokana na ishara yenyewe, lakini dupleksi haijionyeshi kwenye ishara, na kanuni inasema ukikosa habari chukua nusu dupleksi, yaani kusema kwa zamu. Sasa upande mmoja unasema wakati wowote kwa kuwa ameruhusiwa, na mwingine kila akisikia sauti wakati anasema anadhani kagongwa. Anakata fremu katikati na kumwaga fujo. Kompyuta inapokea kipande kilichokatwa, hesabu ya CRC hailingani, inakitupa.

Baya zaidi ni wakati. Kompyuta haisikilizi kabla ya kusema, kwa hiyo inaweza kuanza wakati swichi imeshavuka baiti ya 64. Kwa kanuni ya kamba ya katani hilo haliwezekani kwenye mtandao usio na hitilafu: ukishasema baiti 64 bila kuguswa, waya ni wako. Huo ni mgongano uliochelewa, na kwa kawaida kifaa hakirudii fremu yenyewe kwa mgongano wa namna hiyo, kinaiacha. Inabaki TCP, programu ya juu inayohakikisha data imefika, kugundua kuna kitu kimepotea, kungoja, kutuma upya. Kungoja kwake kunahesabiwa kwa milisekunde nyingi, si maikrosekunde. Ndipo konokono alipozaliwa.

Na ping? Inatuma kitu kidogo, inanyamaza, inapata jibu dogo. Hakuna wawili wanaosema pamoja, kwa hiyo hakuna ajali. Ping ilikuwa inasema kweli kuhusu jambo ambalo hakuna aliyekuwa na shida nalo. Mgeni wa Tanga huambiwa waja leo waondoka leo, lakini mafaili ya kompyuta ile yalikuwa yakija yanalala.

Nani aliizima mapatano? Nikafungua faili la kuanzishia mashine, na mstari upo: ethtool -s eth0 speed 100 duplex full autoneg off. Juu yake maelezo: "kulazimisha kasi, swichi inayumba". Kifupi cha jina pembeni ni changu. Miaka mitatu iliyopita, swichi nyingine, iliyokwisha kufa. Nilitibu homa ya swichi ile nikamwachia mgonjwa dawa.

Mwalimu kacheka mpaka kashika ukuta. Mimi nimefuta mstari, nikaandika autoneg on, taa ikatulia kijani kabla sijainua mkono kwenye kibodi. Faili lililokuwa linachukua muda wa kwenda kununua vitumbua na kurudi likaisha tukiwa tumesimama.


Jumapili, 3 Agosti

Nimekamilisha ubao. Juu kebo nyeusi na ile 25 ya chaki, sasa kwa rangi. Katikati hubu na taa yake. Chini swichi, na kompyuta moja ambayo mwanafunzi ataizima mapatano kwa mkono wake, ahesabu CRC, kisha airekebishe. Mstari wangu wa miaka mitatu nimeuchapisha kwa herufi kubwa, Mwalimu kaugundisha pembeni. Sikukataa.

Yaliyobaki: binti anataka kujua simu kwenye mtandao usio na waya zinagunduaje mgongano. Nimemwambia hazigundui. Redio ikisema, sauti yake mwenyewe inafunika kila kitu, haiwezi kumsikia mwenzake. Kwa hiyo inajitahidi kukwepa, na kila fremu inadai jibu la kupokelewa. Jibu lisipokuja, inachukulia imepotea. Kanitazama. "Kwa hiyo wamerudi kule Hawaii." Hilo nimemwachia Mwalimu alipangie Jumamosi yake.

Kamba ya katani sijairudisha. Mlinzi kaiomba afungie mbuzi hadi Jumatatu.